Ng'ombe wa Afande

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kusema. Nilianza kwa kuuza utumbo kwenye beseni hapa mtaa wa Malukhu, Mbale. Leo nina bucha tatu, mbili Mbale na moja Jinja mjini, kule kwenye maduka ya zamani ya Wahindi. Ng'ombe akipita mbele yangu nakutajia uzito wake bila mizani. Na kwa kuchinja, Mbale nzima hakuna mkono kama wangu. Uliza mtu yeyote.

Kwetu Mkristo akiwa na sherehe anaita Mwislamu amchinjie. Hakuna aliyemlazimisha, ni adabu tu, ili majirani wote wale. Jirani yetu afande, mtu wa Teso aliyestaafu magereza, alikuwa ananiita mimi. Krismasi mimi, ubatizo mimi. Mke wake na mama yangu walikaa mkeka mmoja, wakala sahani moja, tangu mimi sina hata kisu.

Mdogo wangu nilimsomesha mimi. Nilimpeleka ng'ambo asome dini, nikajigamba kwa kila mteja. Alirudi akakataza maulidi, tukanyamaza. Akakataza matari harusini, tukanyamaza tena. Yeye alijua Kiarabu, sisi tulijua kuitikia amina. Halafu Ijumaa moja akasema msikitini kwamba anayechinja kwa sherehe ya kafiri, nyama yake yote ni haramu, na bucha yake isikanyagwe.

Hakunitazama. Kila mtu mwingine alinitazama.

Jumamosi yake afande alikuwa anaoza binti. Dume la kuchinjwa nililichagua mimi, chini ya mlima Wanale, jeusi, limejaa. Asubuhi ya harusi nikapanda gari nikaenda Jinja. Simu ikalia.

"Bwana, uko wapi? Ng'ombe anakungoja."

"Afande, nimepata safari ya ghafla. Niko Jinja."

"Jinja kuna nini leo?"

"Biashara tu, afande."

"Haya." Akakata.

Sikuwa na biashara yoyote. Nilikaa ndani ya bucha nikinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

Walingoja mpaka saa saba. Mwisho ng'ombe akachinjwa na polisi mmoja Mkristo, mgeni wa bwana harusi. Waislamu wa mtaa wakala ndizi za matoke, bila nyama, na mama yangu akiwa mmoja wao. Niliporudi nilimkuta amekaa mlangoni.

"Mke wa afande ameniuliza, 'Dada, tumewakosea nini?' Wewe mwenye maneno mengi, nenda kamjibu."

Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda kesho, halafu kesho nyingine. Ijumaa mdogo wangu akanisifu msikitini, mbele ya watu wote, kwa kutochinja. Mimi napenda sifa, sifichi, lakini siku ile nilitoka kabla watu hawajanipa mkono.

Mke wa afande akafa kabla sijaenda.

Siku ya mazishi nilifunga kisu kwenye gazeti nikatoka. Mdogo wangu alikuwa amesimama nje ya msikiti.

"Kaka, unakwenda wapi na kisu?"

"Kwa jirani."

"Nilisema nini? Watu watahama bucha zako."

"Bucha nilizifungua wewe hujaota hata ndevu. Wahame."

Nilisema kwa sauti, wasikie. Lakini nilipofika kona nikapunguza mwendo.

Afande alikuwa kwenye kiti uani, ameinamia fimbo yake. Alinitazama, akatazama gazeti.

"Leo hakuna safari ya Jinja?"

"Hakuna, afande. Ng'ombe yuko wapi nimchinje?"

"Hakuna ng'ombe." Alisema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. "Marehemu alikataza. Alisema, 'Mkinizika, pikeni maharagwe, asikose mtu kula kama siku ile.' Kaa, bwana. Utaletewa."

Nikakaa. Kisu nikakiweka chini ya kiti. Watu wote walikula, Wakristo na Waislamu, hakuna aliyeuliza mkono wa nani umechinja. Mimi mchinjaji wa Mbale nzima nikala maharagwe.

Mama yangu alikuwa peke yake kwenye ule mkeka. Alikula upande wake wa sahani mpaka ukaisha. Upande wa pili akauacha vile vile.