Mikebe Ishirini ya Maharagwe

Mama yangu analima maharagwe kwenye mlima juu ya Kingi, na kila msimu hupandisha samadi ya ng'ombe kwa kikapu mgongoni. Mwaka jana mgongo ulianza kumkatalia. Kwa hiyo mwalimu wetu wa kilimo alipoleta kichupa cha dawa ya kukuza mimea, mama ndiye aliyekaa mbele kwenye mkutano wa wakulima.

Mwalimu alieleza kwamba tone moja linatiwa katika chupa ya maji, inatikiswa, kisha tone la maji hayo linatiwa katika chupa nyingine, hivyo hivyo mara nyingi, mpaka dawa haionekani wala hainuki.

"Vile inapunguka, njo vile nguvu inaongezeka," alisema.

"Basi sombe yangu ya jana ilikuwa na nguvu mingi, Papa," mama akamwambia mwalimu, juu ya mboga yake ya majani ya muhogo. "Chumvi ilikuwa imeisha."

Lakini alitaka iwe kweli. Samadi haiingii katika kichupa.

Mwalimu alitafuta mtu wa kuijaribu kwanza, akanichagua mimi kwa sababu sisemi sana. Nilipanda maharagwe katika mikebe ishirini ya nyanya, kumi ya dawa, kumi ya maji matupu. Nilipima kwa rula yangu ya shule ya msingi. Imevunjika, inaanzia tatu, kwa hiyo kila mara nilitoa tatu.

Dawa ilishinda wazi. Siku hiyo hiyo mama aliacha kukusanya samadi.

Mwalimu alikuja kutazama, akauliza mikebe ya dawa ilikaa wapi. Nilimwonyesha: yote kwenye ukuta wa jiko, penye jua la asubuhi. Nilikuwa nimeipanga hivyo ili nisisahau.

"Rudilia," akasema. "Na uichanganye mikebe."

Mara ya pili nilitia mfukoni punje kumi nyekundu za maharagwe na kumi nyeupe, nikachomoa moja kwa kila mkebe bila kutazama. Nyekundu dawa, nyeupe maji. Mimi nilimwagilia, mama akapima bila kujua mkebe upi una nini. Aliniuliza kila siku.

"Ile ya ku mulango, iko ya dawa?"

Niliendelea kumwagilia.

"Tangu nikuzale nakuombaka useme kitu. Leo njo siri imekupata?"

Maji yalishinda, kidogo. Mara ya tatu vyote vililingana, ila mche mmoja wa dawa uliliwa na kuku. Nilimtazama kuku huyo wiki nzima. Hakukua.

Ikabaki kusema mbele ya wakulima wote. Niliandika ukurasa mmoja kwa siku mbili, nikausoma nikitazama viatu vyangu: mara moja dawa, nayo ilikuwa juani, mara moja maji, mara moja hakuna mshindi. Mwalimu, aliyeipenda dawa yake, alikunja mikono.

"Andika vile iko," akasema. Nilikuwa nimekwisha kuandika.

Tukirudi, mama alitembea mbele.

"Ile maji ya mara ya pili," akasema mwishowe, "uliichota wapi?"

"Ku chemchemi."

"Ile ya siku zote?"

"Njo ile."

Alilifikiria jambo hilo mpaka tukafika kwenye zizi. Mvua za kupandia zilikuwa karibu na samadi ya wiki nyingi ilikuwa pale pale. Alichukua kikapu kidogo, akanipa kile kikubwa.

"Hii yetu iko inanuka," akasema, na tukaanza kujaza.