Siku Kaiti Iliponiburuta Mbele ya Mama Mkwe

Chekeni kabisa mmalize sasa hivi, kwa sababu nikifika pale kwenye suruali najua hamtanisikia tena. Aibu hii sijaizoea. Mpaka leo nikipita Itumbe, kwao mke wangu, natazama upande wa pili wa barabara kama mtu anayekagua majani chai ya watu, na bado kuna mama mmoja hupunga mkono akiniuliza kama leo nasafiri kwa miguu.

Mnanijua mimi ni mtu wa mwili. Kwetu tumezaliwa hivyo, hata dada yangu akikalia benchi la kanisa wengine wanajishikilia. Wakati nilikuwa askari wa geti katika hoteli moja Pwani, wale vijana wa ufuoni walinifundisha kaiti, yaani lile tiara kubwa la kitambaa linalojazwa hewa kwa pampu, unajifunga nalo kiunoni kwa mkanda mpana na kamba nne ndefu, unasimama juu ya ubao, upepo unakuvuta juu ya maji kama ng'ombe anayevuta plau. Niliporudi Kisii nikafungua duka la kutengeneza simu, ugonjwa ulikuwa umeshaniingia. Bahati nzuri kulikuwa na Salim, ambaye familia yao inauza vitambaa hapo mjini, na ambaye tulijifunza naye Pwani, basi tukipata nafasi tunateremka ziwani upande wa Homa Bay tunacheza.

Shida ni kwamba kaiti yangu ilikuwa kubwa, ya upepo mdogo, na upepo ukiwa mkali unatakiwa kutumia kaiti ndogo. Ikifika alasiri, ziwa likianza kukasirika kabla ya mvua, Salim anatoa yake ndogo anaingia anaruka kama panzi, na mimi nabaki nchi kavu nikilinda viatu (viatu vyake!). Nikasema imetosha, natafuta kaiti ya upepo mkali, hata kama ni ya mkono wa pili, maana mnajua duka la simu linalipa nini.

Salim akanishauri vizuri kabisa. "Buda, upepo huu mimi natumia ya mita saba. Wewe na huo mwili chukua tisa, ikizidi sana kumi. Uzito wako unakuongezea mita mbili hivi, haukuongezei tano. Na kabla uangalie rangi, angalia kifungulio."

Kifungulio ni ile sehemu ya mbele ya mkanda, ukiisukuma kaiti inaachilia, inakufa, inaanguka. Ndiyo roho yako hiyo.

Muuzaji huko Pwani alikuwa na kaiti mbili. Moja ya mita tisa, safi, lakini bei yake ilinifanya niifunike simu kwanza ninywe maji. Nyingine mita kumi na mbili, nzee kidogo, imeshonwa shonwa, bei yake nusu ya ile. Hapo ndipo akili yangu ya sokoni ilipoamka. Nikajiuliza ni nani huyo anauziwa kubwa kwa bei ndogo anakataa? Halafu mtu mzito si anahitaji kubwa? Nikajiambia, upepo wa kuninyanyua mimi bado haujazaliwa. Salim sikumwambia kitu.

Mzigo ulifika kwa basi mpaka Nyamira Jumapili ile ile tuliyokuwa tunakwenda kwa mama mkwe kufungua nyumba yake mpya. Nikauchukua njiani, nikautia kwenye buti la gari tulilokuwa tumeazima.

Huyu mama mkwe wangu, Mama Bosibori, hebu niwaambie. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, wazee wa ukoo wakamwambia angoje wanawe wakue ndio wamjengee, akawajibu mvua haingoji mtu akue. Akachuma chai yake mwenyewe, kila bonasi ya kiwanda ikija ananunua matofali, mwaka mwingine mlango, mwaka mwingine dirisha, hadi ile nyumba ikasimama juu ya mlima, mabati mekundu unayaona ukiwa mbali sana. Ni mwanamke mkubwa wa mwili kama mimi, na mnyamavu. Tena kati yangu na yeye kulikuwa na chinsoni, ile heshima yetu Wagusii ya mkwe na mama mkwe: hamgusani, hamtazamani machoni hovyo, hata mkipishana mlangoni mmoja anarudi nyuma. Miaka yote ya ndoa tulikuwa tunasalimiana kwa mbali kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

Basi watu wamejaa, hema imesimamishwa, akina mama wa kanisa wamevaa sare zao za buluu, utepe umefungwa mlangoni, tunamngoja mchungaji. Kando ya nyumba kuna kiwanja cha shule ya msingi. Mimi nimekaa, mkono unaniwasha. Nikatoa ule mfuko garini.

Mke wangu Moraa akanifuata. "Baba Kemunto, hiyo kitu si ungeiacha kwa gari?"

"Naipuliza tu nione kama inavuja."

Hilo tu. Lakini kaiti ikishajaa hewa inapendeza jamani, mashavu yamevimba, rangi ya machungwa, na watoto na wajomba wakaja kuiona, mmoja akauliza kamba zinafungwa wapi, nikazifunga nimwonyeshe. Mwingine akauliza na wewe unajifunga wapi, nikavaa mkanda uliokuja nayo (juu ya suruali ya suti, ile ya harusi yangu). Shemeji mmoja akasema nisimame nipigwe picha, hebu yeye aiinue kaiti kidogo upande mmoja. Akainua kidogo upande mmoja.

Nanyi mnajua milima ya kwetu saa za mchana mvua ikikaribia, upepo hautumi salamu. Nilisikia majani ya migomba yakipiga makofi huko chini, nikageuka, na kaiti ikaondoka mikononi mwa shemeji ikapanda juu kama imeitwa.

Ule upepo ambao haujazaliwa ukawa umezaliwa, tena pacha. Niliruka. Watu wanasema nilifika juu ya ua, mimi najua tu kwamba niliona mabati ya nyumba kutoka juu na nikawaza, hata fundi amefanya kazi nzuri. Kisha nikashuka kwa makalio, nikaanza kuburutwa kiwanja kizima kuelekea kwenye hema. Nikasukuma kifungulio. Kimekwama. Chumvi ya bahari na mchanga wa miaka yote vilikuwa vimekishika kama saruji. Nikasukuma kwa mikono miwili, nikaomba, nikakitukana, wapi. Suruali ilipasuka mshono wa nyuma, halafu ikabaki nyuma yote, nikaendelea na safari bila yake. Kamba zikakata hema, hema ikalala juu ya viti, sufuria ya wali ikapinduka, na mbele yangu nikaona mwisho wa kiwanja, ambapo ardhi inakatika kuteremka kwenye mawe ya bondeni. Hapo sikuona aibu tena. Niliona Kemunto wangu bila baba.

Nikasikia kishindo nyuma yangu. Mtu amenikamata mkanda kwa mikono miwili, akakaa chini, akakita visigino kwenye shina la mti uliokatwa pale ukingoni. Nikavutwa huku na huku, nikadhani mgongo unatoka, lakini sikusonga tena.

"Akina mama!" ile sauti ikaunguruma juu ya sikio langu. "Ikianguka, ikalieni!"

Upepo ukapumua kidogo tu, kaiti ikayumba, ikaanguka kwenye shamba la chai kando ya kiwanja, na akina mama wa kanisa wakaipandia na sare zao za buluu, wakaikalia wote, ikatoa hewa kwa mlio ambao sitausimulia mbele ya watu.

Ndipo nikageuza shingo nikaona ni nani. Mama Bosibori. Amenikumbatia kiunoni, mimi niko na shati, tai na chupi, lakini uso wake ameugeuzia milimani. Yaani wakati wote ule, mkwe anakwenda kufa mikononi mwake, alinishika bila kunitazama. Akafungua leso yake kwa mkono mmoja, akanifunika, bado anatazama milima.

"Mama," nikasema, "nisamehe. Nimeharibu siku yako."

"Umeumia?"

"Hapana, Mama."

"Basi vaa."

Mvua ikamwagika hapo hapo, na kwa vile hema haikuwepo tena, watu wote wakakimbilia ndani ya nyumba, utepe ukakatwa na kifua cha mtu ambaye hatujamjua hadi leo, mchungaji akafika akiwa ameloa akakuta sebule imejaa mpaka jikoni. Mimi nikajibana pembeni na leso yangu ya maua, nikingoja kusemwa. Mama mkwe akasimama katikati, matope mpaka mabegani, na yule mwanamke mnyamavu akacheka mpaka akashika ukuta. "Nilikuwa naogopa," akasema, "nimejenga nyumba kubwa, je, itapata watu? Haya, mchungaji, tafuta pa kusimama uombe."

Kulikuwa na mambo ya kurekebisha baadaye kwa sababu ya kugusana kule, wazee wakakaa, tukala mbuzi, yakaisha. Kaiti ile sikuiuza, maana kumuuzia mtu kitu kile ni dhambi, nilikata kitambaa chake tukafunikia majani chai yaliyochumwa. Nikatulia, nikangoja mpaka nikaweza ile ya mita tisa, na siku ya kuinunua nilimpeleka Salim mpaka Pwani akasukuma kifungulio mpaka muuzaji akachoka.

Kwa hiyo nawaambia, mwenye mwili kama mimi na mfuko kama wangu, usinunue ukubwa, nunua kifungulio. Na mimi nimeapa, kaiti sifungui tena mahali ambapo hakuna maji, na mahali palipo na wakwe sifungui hata mwavuli bila kuuliza Mama Bosibori amekaa wapi.