Jibu la Wageni

Nikimwambia ukweli, binti yake hataenda chuo. Nikimficha, ataenda bila kujua anakokwenda. Wiki nzima nililala na mambo hayo mawili, nikiyageuza upande huu na ule, na kila nilipodhani nimechagua moja, lile lingine lilinirudisha nyuma. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Hata sabuni naweza kusimama dukani kuichagua mpaka muuzaji aulize kama nimepoteza kitu. Lakini safari hii halikuwa suala la sabuni.

Aliyeniuliza alikuwa askari wa loji nilikokuwa nafanya kazi, juu kidogo ya Karatu, pale mashamba ya kahawa yanapokutana na msitu wa hifadhi. Ni Mmaasai, mfugaji kutoka kijiji cha Kakesio, mtu mzima. Mke wake na ng'ombe wako kule, yeye na binti yake wamepanga chumba hapa mjini. Kazi yake ni kuwasindikiza wageni giza likiingia. Nyati hushuka kutoka msituni kuja kula nyasi tunazomwagilia, na tembo nao huja siku wakijisikia. Kwa hiyo mgeni hatoki chumbani peke yake jioni. Anawasha tochi dirishani, askari anakuja, wanatembea pamoja mpaka kwenye chakula, umbali wa kurusha jiwe.

Mimi nilikuwa mapokezi. Wageni wakifika, ndimi niliyewaeleza habari za nyati, na kabla hawajafika, ndimi niliyejibu baruapepe zao. Karibu zote zilikuwa na swali moja: ni salama? Wanauliza maji, wanauliza barabara, wanauliza mbu, wanauliza mwanamke anayesafiri peke yake. Nilikuwa najibu kwamba ni salama kabisa, karibuni sana. Karatu nzima inaishi kwa jibu hilo. Dereva analo, mpishi analo, na anayeuza vinyago barabarani atakupa kabla hujamuuliza.

Basi alasiri moja, wageni wakiwa bado kreta wakitazama wanyama, askari alikuja akasimama mbele ya kaunta.

"Takwenya."

"Iko," nikaitikia. Hicho Kimaasai kidogo cha salamu kila mtu Karatu anakijua, hata sisi Wairaqw.

"Binti yangu wamemchukua chuo." Akataja chuo kile kile nilichosoma mimi. "Tunatakiwa kuthibitisha kwa simu, la sivyo nafasi inapotea. Ndugu zangu kule nyumbani hawataki. Meneja anasema aje hapa afue mashuka. Sasa wewe umekaa kule. Ule mji ni salama?"

"Salama kabisa, baba, wala usiwe na wasiwasi."

Lilitoka lenyewe, na tabasamu lake. Askari akanitazama, kisha akacheka kwa pua.

"Hilo ni jibu la wageni. Mimi ni mgeni?"

Nikafungua tena mdomo, akainua kiganja.

"Fikiri kwanza," akasema. "Jumapili sina zamu. Uje nyumbani unywe chai, umwambie na yeye mwenyewe."

Nilikubali. Halafu nikaenda choo cha wafanyakazi, nikasimama mle nimekunja ngumi kama mtu anayesubiri kupigana, na hapakuwa na mtu wa kupigana naye.

Niseme kilichonipata, ili hasira hii ieleweke. Hosteli za chuo zilikuwa hazitoshi, wengi wetu tulipanga mtaani. Kati ya mtaa na chuo kulikuwa na njia ya mkato inayopita viwanja vitupu na korongo. Nguzo za taa zilikuwepo. Taa hazikuwepo. Mwaka wa pili, nikitoka maktaba usiku, pikipiki ilinipita, ikageuka, na aliyekaa nyuma akaushika mkoba wangu. Ndani kulikuwa na kompyuta na kazi yangu ya muhula mzima. Sikuuachia. Nikaburuzwa kwenye changarawe mpaka mkanda ukakatika. Nilipoteza kompyuta na ngozi ya goti. Wapo wenzangu waliopoteza zaidi, ila hayo ni yao, sitayasimulia.

Asubuhi nilikwenda ofisi inayoshughulikia mambo ya wanafunzi. Bwana niliyemkuta mezani hakuniacha nifike mbali na habari yangu.

"Saa hizo ulikuwa unatoka wapi?"

"Maktaba."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Ulikuwa umevaaje?"

Sketi niliyovaa mbele yake ilikuwa ile ile ya usiku. Nilikuwa nimeivaa makusudi, ili aione ilivyochanika.

Siku chache baadaye tangazo likabandikwa ubaoni: wanafunzi wa kike wanashauriwa wasitembee gizani, watembee kwa makundi, na wavae kwa heshima. Neno pikipiki halikuwemo. Neno taa halikuwemo. Maktaba iliendelea kuwa wazi mpaka usiku kama kawaida, kwa ajili ya wavulana, nadhani, kwa sababu sisi tulishashauriwa. Nilianza kurudi chumbani jua likiwa bado juu. Alama zangu zikashuka, na kila nilikoomba kazi nikatakiwa kueleza zilishukaje. Aliyesababisha zishuke hakuna aliyewahi kumtaka aeleze chochote.

Mambo haya nilikuwa nimeyafunika. Loji ndiyo iliyoyafunua. Kuna mgeni mmoja, mzee wa watu, alitoka chumbani jioni bila tochi na bila askari ingawa nilikuwa nimemweleza vizuri kabisa. Akakutana na nyati uso kwa uso kwenye njia ya kwenda kula. Nyati akamtazama, akaendelea na majani yake. Hakuna aliyekwaruzwa. Kesho yake meneja aliita kikao cha wafanyakazi wote. Aliongezwa askari mwingine, zikafungwa taa za sola njia nzima. Nilikaa kwenye kikao kile nikisubiri mtu aulize mgeni alikuwa anatoka wapi saa hizo, na alikuwa amevaaje. Hakuna aliyeuliza. Nilirudi kaunta, nikawaandikia watu wa mbali kwamba huku ni salama kabisa.

Meneja alipata habari za ule mwaliko wa chai. Akaja akaegemea kaunta kirafiki.

"Dada, si wewe ulikabwa huko chuoni?" Alijua kwa sababu siku ya usaili aliniuliza habari za alama. "Mwambie mzee ukweli wako. Mtoto wa kike abaki hapa karibu na baba yake. Kwenye kufulia nina upungufu, unajua. Utakuwa umemsaidia."

Mabinti zake wawili wanasoma Dar.

Hapo ndipo usingizi ulipokwisha kabisa. Ukweli wangu, nilioupata kwa goti langu, ulikuwa sasa unahitajika, na waliouhitaji walikuwa meneja mwenye upungufu wa mfuaji na baba wadogo wa Kakesio wasiotaka msichana asome. Nikiusema, nawapa wao. Nikiunyamazia, nampa yule mwenye pikipiki. Nilifikiria kujifanya mgonjwa siku ya Jumapili. Nilifikiria kusema ni salama mchana. Nilifikiria kusema mambo yamebadilika siku hizi, wakati sikuwa na habari kama hata balbu moja imebadilika.

Jumapili nilikwenda. Chumba chao kiko nyuma ya stendi, kisafi, kitanda kimoja na godoro la binti limesimamishwa ukutani. Binti mwenyewe ni mrefu, ana sauti nzito, na hakutazama chini hata kidogo. Chai yake ilikuwa maziwa matupu, majani ya chai aliyaonyesha tu.

"Sasa sema," askari aliniambia. "Anza ulikoanzia, usiache kitu."

Kwao habari hailetwi kwa kifupi. Mtu akitoka safari anasimulia tangu alipoondoka, alipolala, alichokutana nacho, na anayesikiliza anaitikia "ee" kwenye kila kituo bila kumkatiza mpaka amalize. Hilo nilikuwa nimelisikia tu. Sikuwahi kusimuliwa wala kusimulia kwa namna hiyo. Nilianza na siku niliyoshuka kwenye basi na begi langu. "Ee." Hosteli zilivyojaa. "Ee." Njia, nguzo, korongo. "Ee." Pikipiki. Nilipofika kwenye ofisi nilisita, kwa mazoea, nikisubiri swali. Halikuja. "Ee," askari alisema, akingoja. Nikaendelea mpaka kwenye tangazo, na mpaka kwenye alama. Ilikuwa mara ya kwanza kuimaliza habari ile, na nilipoimaliza niligundua nimekuwa nikipaza sauti, na kikombe kimepoa mkononi.

"Na yule wa ofisini alifanya nini kingine?" askari aliuliza sasa.

"Hakuna."

"Hakwenda kuiona njia?"

"Hakwenda, baba."

Akatikisa kichwa, akamgeukia binti yake. "Umesikia."

"Nimesikia," binti alisema. "Baba, kaka alipokwenda kusoma Mwanza, ulimwita nani hapa aje anywe chai?"

"Kaka yako ni mwanaume."

"Mwanaume aliyeibiwa simu mbili. Mpaka viatu akarudi hana!"

"Viatu hakuibiwa," askari alisema taratibu. "Viatu aliuza, yule."

Chai ilinipalia. Askari naye akageuza uso ukutani, mabega yakicheza. Lakini binti hakucheka.

"Mimi nimechunga, baba. Simba alichukua ndama mimi nikiwa pale pale, na kesho yake ukanirudisha malishoni. Uliniambia nisipite kwenye majani marefu, nipite juu. Hukuniambia nibaki bomani. Sasa mtu wa pikipiki ndiye wa kunibakiza?" Akanigeukia mimi. "Dada, nyati namjua. Hao wa huko ndio siwajui. Niambie wanakaa wapi. Niambie kama kuna kupita kwingine."

Nilimkasirikia kwa muda mfupi, nikiri. Nilimwona mdogo, anaongea kama mtu ambaye hajaburuzwa. Halafu hasira ikahamia inakostahili, kwa sababu swali lake lilikuwa ndilo swali ambalo ofisi nzima yenye viti na feni haikulifikiria. Na jibu nilikuwa nalo. Kupita kwingine kupo: barabara kubwa ya lami, ndefu zaidi, ina maduka yasiyofunga mapema. Zipo nyumba ambazo mwenye nyumba anaishi humo humo na familia yake, na zipo ambazo ufunguo mmoja unafungua vyumba vyote. Hosteli za chuo hupata wanaowahi, wanaofika kabla ya foleni. Nilieleza kwa muda mrefu. Binti aliuliza maswali, mengine mpaka yakanishinda.

Askari alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi huo mji siujui," akasema. "Mama yake haujui. Hizo nyumba ataziona zote zina mlango na bati. Atajuaje ni ipi?"

Hakuwa ananiomba. Alikuwa anaeleza kwa nini atakataa, na nilimwona akianza kukataa. Kichwa changu nacho kikaanza kazi yake: ni msimu wa wageni, ruhusa sitapata, kazi nimeitafuta muda mrefu, mama ananitegemea, na je nikimpeleka halafu yakampata yaliyonipata, nitakuja kunywa chai hapa na uso gani? Maswali yote hayo yalikuwa na maana. Hakuna hata moja lililokuwa na jibu.

"Nitampeleka mimi," nikasema. "Nitakaa naye mpaka apate pa kulala, na tutaitembea ile barabara pamoja. Pakionekana hapafai kabisa, nitakuambia kwa simu hapo hapo, na hilo halitakuwa jibu la wageni."

Askari akamsemesha binti yake Kimaasai, maneno machache. Binti akachukua simu. Mtandao ulisumbua, akatoka nje akasimama karibu na tanki la maji, akaingiza namba zake, akasubiri. Ujumbe wa kuthibitisha uliporudi alimsomea baba yake, na alipomaliza baba akamwambia asome tena.

Jumatatu nilimweleza meneja. Alisikia nusu.

"Msimu huu? Dada, ukiondoka, usirudi."

"Sawa," nikasema.

"Na yule msichana wa kufua?"

"Anakwenda chuo."

Akasema nimemtia wazimu mtoto wa watu, na kwamba kikitokea chochote nisije kulia kwake. Nilivua beji yangu nikaiacha juu ya kaunta. Niliogopa sana. Na bado hasira ndiyo iliyokuwa mbele, ikitembea haraka kuliko mimi.

Tuliondoka siku nyingi kabla ya wanafunzi wengine, ili tuwahi hosteli, na basi la asubuhi. Askari alikuja stendi moja kwa moja kutoka zamu. Alimbariki binti yake kwa lugha yao, mkono juu ya kichwa, huku kondakta akitupigia kelele kwamba hii si harusi. Kwangu alisema kitu kimoja tu, kwamba simu yangu isizime. Binti alipanda kwanza, akachagua kiti cha dirishani, nikakaa pembeni yake. Basi likashika barabara ya Mto wa Mbu.