Isale la Rangi

Eliakunda alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi ilimfaa. Alilinda chumba kimoja katika jumba la sanaa la Minneapolis, ambako watu huja kutazama, si kuongea. Nje, theluji ya mwaka 1997 ilianguka taratibu. Ndani, ukutani, msichana wa Kihispania alikaa mlangoni akifunga maua ya kuuza. Picha ile iliazimwa kwa majira ya baridi tu. Aliichora mwanamke wa huko huko Hispania, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kila aliposimama mbele yake, moyo wa Eliakunda ulilegea. Waridi zilikuwa na umande. Alihisi chumba kinaanza kunukia udongo uliolowa, na maji ya mfereji yanapita nyuma ya ukuta, kama kihambani, kwenye shamba la migomba la kwao Marangu. Siku moja, mapajani pa msichana, katikati ya maua, aliliona jani refu la kijani, ncha imeinama. Isale.

Kwa Wachaga, isale halikataliwi. Aliyekosa hulishika akaenda nalo kwa aliyemkosea, na hata asipokuwa na la kusema, jani limeshasema. Eliakunda alikuwa amemkosea kaka yake, Theophil. Kwenye harusi ya Rahab, binti wa Theophil, aliitwa mbele ya wageni atoe neno la ukoo. Alishika kipaza sauti, akawatazama watu, akakirudisha mezani, akaenda kukaa. Wakwe wakanong'onezana kwamba baba mdogo haikubali ndoa. Tangu hapo Theophil hakumpigia simu wala kupokea yake.

Duka la jumba liliuza nakala za picha. Alinunua moja, akaificha ndani ya koti, akapanda basi hadi Woodbury, kwa Theophil. Njiani theluji ilifuta nyumba moja baada ya nyingine, hata akaona kama yeye na yule msichana wanaelea ndani ya wingu, maua mapajani.

Theophil alifungua mlango, asimkaribishe. Eliakunda akaikunjua picha, akaweka kidole penye jani.

Theophil alivaa miwani, akatazama sana.

"Hili si isale. Ni jani la yungiyungi. Ua lake hili hapa, umelifunika kwa kidole."

Eliakunda aliondoa kidole. Kweli, ua jeupe.

"Umekuja na theluji yote hii kuniletea mboga?"

Jikoni, Victoria, mke wa Theophil, alicheka. "Baba Rahab, mwingize shemeji yangu, baridi inaingia."

"Asubiri. Hata lingekuwa isale, ni la rangi. Jani la karatasi haliombi msamaha. Ataomba mwenyewe, kwa mdomo."

Eliakunda alitazama viatu vyake, kisha uso wa kaka yake.

"Kaka, sikuikataa ndoa. Nilimwona Rahab amesimama, nikamkumbuka akiwa mtoto, alivyokuwa akisinzia begani kwangu, wewe na shemeji mkiwa darasani mnasoma. Nikajua nikifungua mdomo nitalia mbele ya watu. Nisamehe."

Theophil alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Ungeyasema hayo siku ile."

"Nisingeweza."

"Ungelia tu. Ningelia na mimi." Akasogea pembeni. "Ingia. Rahab yuko juu na mumewe. Utayarudia yote mbele yao, bila kuruka."

Eliakunda akakung'uta theluji viatuni, midomo ikianza kuyapanga maneno.