Mandarini wa Sebuleni

Kazi yangu ni kupima watoto. Nina mzani wa kuning'iniza, nina utepe wa rangi tatu ninaouzungusha kwenye mkono wa mtoto, na nina ulimi. Ulimi ndio kina mama wa Bigwa wanaoukumbuka zaidi. Utepe ukisoma njano, yaani mtoto ameanza kudhoofu kwa njaa, namsema mama mtu palepale, mbele ya benchi zima, kwa sababu niliamini kwamba aibu inafundisha.

Nyumbani nilikuwa na tangi la samaki wa maji chumvi, dogo, limekaa mahali pa televisheni. Huku chini ya mlima bahari tunaisikia tu, kwa hiyo majirani walikuwa wakija kuangalia, nami nilipenda waje. Mmoja aliniuliza kama wale samaki wanafaa kwa nazi. Nilimcheka mpaka leo najuta.

Kisha nikataka mandarini. Nilimwona kwenye simu: samaki wa urefu wa kidole, wa buluu, mwenye michirizi ya rangi ya chungwa inayojipindapinda mwili mzima kama kitenge kipya. Nikampigia muuzaji Dar es Salaam.

"Dada, tangi lako dogo, tena jipya," akaniambia. "Huyu hali vya kutupiwa. Kutwa nzima anadonoa vijidudu kwenye mawe ya baharini, na mawe yako bado hayana vya kutosha. Subiri hata mwaka."

"Nitampa uduvi," nikamjibu. "Njaa ikimbana atakula."

Alifika kwa basi, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwenye boksi. Nikamtia tangini, naye akaanza kutembea juu ya mawe akidonoa hapa, akidonoa pale. Kila asubuhi niliyeyusha uduvi wa barafu nikaudondosha mbele ya mdomo wake. Aliutazama. Siku nyingine aliudonoa, akautema, na wale samaki wengine wawili wakaumaliza. Mimi nilikuwa nimeshatimiza wajibu, nikafunga mlango nikaenda kliniki.

Huko kliniki, Jumatatu moja, alikuja mama mmoja kijana kutoka huko juu mlimani, anayeteremka kuuza ndizi. Mkono wa mwanawe ulisoma njano.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba. Huyu unamlisha nini?"

"Nampikia uji, nesi. Anaonja tu, anaacha. Lakini anacheza vizuri."

"Kupika siyo kulisha," nikamwambia, kwa sauti ya kufika benchi la nyuma. "Unamwekea bakuli unaondoka, halafu unaniambia anacheza. Macho huna?"

Wenzake wakacheka. Yeye akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kadi yake, akasema ahsante.

Alhamisi akapita mtaani kwetu na beseni la ndizi. Alipiga hodi bila kujua ni kwangu. Nilimkaribisha ndani, nikamletea maji ya kunywa, pengine kwa sababu nilitaka na yeye alione tangi. Mtoto alinyoosha mkono kuelekea kwenye kioo. Mama akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu.

"Mzuri," akasema. "Anakula nini?"

"Uduvi. Kila asubuhi."

"Mbona tumbo limeingia ndani hivi? Na hapa nyuma ya kichwa pamebonyea."

Nikasema, "Ndivyo alivyo. Anacheza vizuri."

Nililisikia neno lake likinitoka mimi. Nadhani naye alilisikia, maana aliinamisha uso na kuanza kupanga ndizi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Angenisema ningepumua. Nilinunua chana mbili, akaenda zake.

Alipoondoka nikapiga magoti pale alipokuwa amechuchumaa. Tumbo la mandarini lilikuwa limekwisha kabisa, limebaki ngozi na rangi. Nimefanya kazi ya kutambua njaa kwa miaka mingi, ninaijua mpaka kwenye nywele za mtoto, na hii ilikuwa sebuleni kwangu wiki kwa wiki nikiionyesha kwa wageni. Kule kudonoa niliita kucheza. Alikuwa anatafuta chakula mahali ambapo hakikuwepo.

Nikampigia muuzaji. Hakunilaumu. Alisema angetuma chupa ya vijidudu hai kwa basi la kesho yake, na kwamba samaki akishabonyea nyuma ya kichwa huwa ni vigumu kupona. Chupa ilifika Ijumaa jioni. Niliimimina yote. Mandarini alikuwa amelala ubavu kati ya mawe mawili, mapezi yakitikisika kidogo, na vile vijidudu vikampita usoni. Jumamosi nilimzika chini ya mgomba, nikaona haya hata kumwambia jirani.

Mwezi uliofuata yule mama akarudi kliniki. Mtoto alikuwa ameongezeka, utepe ukasoma kijani. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi mbele ya benchi lilelile, maneno nimeyapanga tangu nyumbani.

"Umefanya vizuri," nikaanza.

Akatabasamu, bila kejeli yoyote. "Na samaki wako, nesi, hajambo?"

Benchi zima likanitazama. Kina mama wale, ambao kila mmoja nimewahi kumsema.

"Hajambo," nikasema. "Anakula vizuri." Nikaandika uzito wa mtoto kwenye kadi, nikamwita anayefuata.