Ushahidi wa Mafuriko

Evalyne Nzula alikuwa na studio ndogo ya picha Kitengela, karibu na mto. Kwa miaka kumi na moja alipiga harusi, ubatizo na picha za pasipoti. Kisha Aprili moja dhoruba ikaja saa nane mchana. Upepo uling'oa mabati ya mtaa mzima, na watu wakiwa bado wanayaokota, mto ukafurika. Nzula alitoka na kamera shingoni. Kompyuta yenye picha zote za zamani ilisombwa na maji.

Afisa mmoja wa misaada aliwaambia watu walete ushahidi wa hasara yao. Nzula akajitolea. Kwa siku tisa alipita matopeni, akimsimamisha kila mtu mahali mlango wake ulipokuwa. Wengine walichana nywele kwanza. Mzee Musila alikataa kusimama; alisema hapo hapakuwa tena kwake. Nzula aliwapiga picha pia wafu waliotolewa majini, ili jamaa zao wawatambue.

Siku ya kumi alijiwa na Mumo, mfua nguo wa mtaani. Mumewe, Kyule, alikuwa amezikwa juzi bila picha juu ya jeneza.

"Ulimpiga passport akitafuta kazi ya mjengo," Mumo alisema. "Naomba hiyo."

Nzula akamweleza yaliyoipata kompyuta. Mumo akauliza kama hakuna nyingine kabisa. Ilikuwepo moja. Nzula alisita sana kabla ya kuwasha kamera. Kwenye picha, Kyule alikuwa amelala ukingoni mwa mto, amefunikwa leso mwili mzima, mkono mmoja uko nje.

"Kata hapo," Mumo akasema. "Nitolee mkono peke yake. Watoto wanaujua."

Nzula akaenda kuichapisha mjini, akamletea.

Albamu ya ushahidi, yenye picha zaidi ya mia mbili, aliipeleka ofisi ya misaada mwezi wa Mei. Alirudi kuulizia mara nne. Mara ya mwisho alimkuta afisa mpya, akaambiwa albamu haionekani, na hata ikionekana haitasaidia, kwa kuwa zilitakiwa pia picha za nyumba kabla hazijabomoka.

Wenzake wa mtaani walikuwa wakingoja getini. Aliwaeleza, na hakuna aliyelalamika. Walirudi pamoja kwa miguu hadi mtoni, ambako wengi walishafunga maturubai mahali palepale nyumba zao zilipokuwa.

Studio haikufunguliwa tena. Siku hizi Nzula anauza mboga za sukuma sokoni Kisaju. Wanaomkumbuka wakimwomba awapige picha ya harusi, huwaambia watafute mtu mwingine.