Ramani Iliyoungua Jikoni kwa Bibi

Juzi niliwaona vijana wa kujitolea wakichora ramani ya soko jipya la Ilongero, na harufu ya wino wao ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni.

Kijana mmoja wa mjini alikuja kujitolea kutuchorea ramani ya kijiji cha ujamaa. Alimkuta bibi yangu akianika mtama, wala hakumwamkia. Aligusa ukuta wetu kwa ncha ya kiatu, akasema, “Nyumba hii haimo kwenye ramani.”

“Na mimi je, mjukuu wangu, nimo?” bibi aliuliza.

Kijana akacheka.

Nilidhani karatasi ile ya ramani ndiyo itakayobomoa nyumba yetu. Alipoiacha kwenye kigoda akaenda kunywa togwa kwa jirani, niliichukua nikaisukuma motoni, chini ya chungu cha mlenda. Ilitoa harufu kali ya wino. Kesho yake kijana aliondoka akilia, na nyumba yetu ikabaki.

Ukubwani niliambiwa kwamba ramani ile ilionyesha kisima ambacho kingechimbwa hatua chache kutoka mlangoni petu. Bibi aliteka maji bondeni mpaka alipofariki. Hata hivyo, nikiyakumbuka machozi ya yule kijana, nafurahi.